Kumpandisha Orfeo jukwaani: namna ya kuandaa opera ya Monteverdi kwa macho ya leo

Kitabu cha noti cha L'Orfeo kilichochapwa Venice mwaka 1609 kina agizo dogo mwanzoni mwa tendo la tatu: hapa ziingie tromboni, korneti na regali (ogani ndogo ya ndimi za shaba); viola, ogani za mbao na hapsikodi (kinanda cha nyuzi za kukwanyuliwa) zinyamaze; mandhari ibadilike. Anayetaka kuivika opera hii nguo mpya aanze hapo. Claudio Monteverdi alikwisha kuuchora mpaka wa walio hai na wafu kwa sauti za ala, kabla seremala hajapiga msumari wa kwanza. Wachungaji wa kondoo unaweza kuwavisha suti, na mto wa kuzimu ukaugeuza kituo cha mabasi usiku wa manane, hadhira itakufuata. Lakini ukizichanganya ala za pande hizo mbili utaipoteza, maana haitajua imevuka lini.

Hesabu zilizo hapa chini ni za kikundi chenye waimbaji 10, wapigaji 17 na ukumbi wa watu 200 hadi 400. Udogo huo si unyonge. Onyesho la kwanza, tarehe 24 Februari 1607, lilifanyika ndani ya jumba la watawala wa Mantua, mbele ya wanachama wa Accademia degli Invaghiti, chama cha wasomi. Katika tabaruku ya kitabu kwa Francesco Gonzaga, mwana wa mtawala, Monteverdi mwenyewe aliliita jukwaa lile jembamba. Opera hii humezwa na ukumbi wa watu elfu mbili upesi kuliko inavyobanwa na bwalo la shule.

Kwa asiyekijua kisa: Orfeo, mwimbaji wa kulainisha hata mawe, anamwoa Euridice. Siku ileile nyoka anamuuma bibi harusi akichuma maua. Orfeo anashuka kuzimu, mvushaji Caronte anapitiwa na usingizi kwa muziki wake, na mke anarudishwa kwa sharti kwamba mume asigeuke nyuma. Anageuka. Kuna dibaji na matendo matano, jumla ya muziki kati ya saa 1 dakika 45 na saa 2. Mapumziko yawe mamoja, baada ya tendo la pili. Ukiyasogeza hadi mwisho wa la tatu, tendo la nne litaanza likiwa limepoa, na hilo ndilo tendo lisilotakiwa kupoa.

Karatasi kabla ya mbao

Machapisho ya 1609 na 1615 hayana tena mwenye haki, na picha za kurasa zake zinapatikana mtandaoni bure. Matoleo ya kisasa, yenye sehemu ya kila ala iliyopangwa tayari, yana haki ya mhariri na hukodishwa. Kodini moja, lakini nakala ya 1609 ikae mezani kila siku ya mazoezi. Wahariri hujaza koda, yaani noti zinazopigwa pamoja, na hupendekeza ala, na si wote wanaotenganisha waziwazi pendekezo lao na agizo la zamani. Bila nakala ya kale utamtii mhariri ukidhani unamtii mtunzi.

Uamuzi wa kwanza ni mwisho wa kisa, kwa sababu unabadili bajeti. Libreto, yaani maneno ya opera, ya Alessandro Striggio iliyochapwa 1607 inamalizikia kwa Bakante, wanawake wafuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo, wanaomjia Orfeo kwa hasira baada ya yeye kuapa kuwa hatapenda tena. Maneno yapo, muziki wake haupo. Kitabu cha 1609 kina mwisho mwingine: Apollo, baba yake Orfeo, anashuka ndani ya wingu, na wote wawili wanapanda mbinguni wakiimba. Ukiwataka Bakante, lazima umlipe mtunzi wa kuandika upya, umpe miezi, na utafute sauti za kike zitakazoingia mwishoni mwa usiku zikiwa bado na nguvu.

Waongozaji wengi wa leo humwonea Apollo haya, wakamgeuza kituko cha kung'aa. Hapo ndipo wanapokosea. Anachomwambia mwanawe ni neno la mzazi, tena kali: mbona unajitoa mateka kwa hasira na uchungu? Mzee wa koti la kawaida, aliyekuwa ameketi pembeni ya jukwaa tangu dibaji, akiinuka sasa na kusema hayo, anatosha kabisa kuwa mungu. Pia unaokoa gharama ya kamba na winchi za kumning'iniza mtu, kazi ambayo haifanywi bila fundi mwenye cheti.

Lugha ya kuimbia

Kiitaliano hakimtishi anayesema Kiswahili. Silabi nyingi zinaishia na irabu, na mkazo mara nyingi hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wanakoangukia waimbaji wetu ni kwenye konsonanti zilizokazwa. "Possente" haisomwi "posente": sauti inakaa juu ya s, na muda huo unaibwa kutoka kwa irabu iliyotangulia, si kutoka kwa inayofuata. Herufi nazo zina mitego yake: "ce" ni "che", na "che" ni "ke". Mwimbaji ambaye lugha yake ya nyumbani haitenganishi r na l apewe mapema zoezi la "morta" na "volta", maana maneno ya namna hiyo yapo kila ukurasa.

Je, itafsiriwe iimbwe kwa Kiswahili? Kuna mahali panakubali kana kwamba pameandikiwa. "Tu se' morta", kilio cha Orfeo katika tendo la pili, ni mizani nne na mkazo kwenye ya tatu. "Umekufa" ni hivyohivyo. Lakini mistari ya Striggio ni ya mizani 11 na 7, na Kiitaliano huyeyusha irabu zinazokutana. Katika "Possente spirto e formidabil nume", "to" na "e" ni mizani moja, ndiyo maana hesabu inafika 11. Kiswahili hakiyeyushi hivyo, na vitenzi vyetu ni virefu. Baada ya mistari mitatu utajikuta ama unaongeza noti ama unakata maana. Imbeni Kiitaliano, na Kiswahili kiandikwe juu ya jukwaa: mistari miwili kwa wakati, herufi zisizozidi 40 kila mmoja. Anayebonyeza maandishi hayo awe mtu anayesoma noti, si fundi wa taa aliyepewa karatasi. Habari ya kifo cha Euridice ikitokea kwenye skrini sekunde mbili kabla ya kutoka kinywani mwa mjumbe, tendo la pili limekwisha.

Waimbaji 10

Orfeo ni mwimbaji wa tena, sauti ya juu ya kiume, mwenye kifua chini, au baritoni mwepesi juu, na asipewe kazi nyingine yoyote. Yuko jukwaani karibu muda wote, na wimbo wake mgumu kuliko yote, "Possente spirto", unamfika akiwa amekwisha kuimba sana. Wengine hugawana hivi: soprano mmoja La Musica, yaani Muziki anayeimba dibaji, na Speranza; wa pili Euridice; wa tatu nimfa na sauti ya juu ya kwaya; mezo mmoja Messaggiera, yaani mjumbe, na Proserpina, malkia wa kuzimu; alto wa kiume mchungaji; tena wawili wachungaji na mizimu, mmoja akiongeza Eco, yaani Mwangwi, na mwingine Apollo; besi mmoja Caronte, wa pili Plutone, mfalme wa kuzimu. Kumpa mtu mmoja nafasi mbili si ubahili wa siku hizi. Hata 1607 mwimbaji mhasi aliyeazimwa kutoka Florence, Giovanni Gualberto Magli, alibeba zaidi ya moja.

Usimfiche mezo wako kwa wigi anapogeuka Proserpina. Aliyeleta habari ya kifo ndiye sasa anayemwomba Plutone uhai wa marehemu, na hadhira ikiutambua uso uleule, hilo linasema zaidi ya mavazi.

Kwaya za sehemu tano huimbwa na wote tisa waliobaki. Kwaya za mizimu ni za sauti za kiume: alto, tena wawili, besi wawili, tayari wamekamilika. Kuna kikwazo kimoja. Besi wa Caronte amelala usingizi jukwaani, na muda mfupi baadaye anatakiwa katika kwaya inayofunga tendo la tatu. Mzimieni taa, atoke gizani wakati Orfeo akiimba akivuka, akajiunge na wenzake nyuma. Ukisahau kulipanga hili, mazoezi ya mwisho yatakukuta na maiti anayeimba.

Ala na namna ya kuzituni

- Fidla 2, viola 2, selo 1: sehemu tano za nyuzi, hazipunguzwi.
- Violone 1, besi kubwa ya nyuzi.
- Kitaroni 2.
- Kinubi chenye safu zaidi ya moja ya nyuzi 1.
- Wapiga vinanda 2: mmoja hapsikodi, mwingine ogani ndogo ya mbao na regali.
- Korneti 2. Wapigaji walewale hushika filimbi katika tendo la pili.
- Tromboni 4.

Orodha ya Monteverdi ni ndefu kuliko hii. Kwaya ya mizimu ya tendo la tatu inaomba hata tromboni tano. Kwa wapigaji wanne, besi ya chini kabisa waachieni violone na regali. Mkikosa tromboni za kale, za kisasa zinafaa kama zina bomba jembamba na wapigaji wanakubali kupiga kwa sauti ya kuongea. Korneti inayotajwa hapa si tarumbeta ndogo ya brasibendi. Ni bomba la mbao lililopinda, lenye matundu kama filimbi na mdomo kama wa tarumbeta. Mpiga tarumbeta hodari hajifunzi korneti kwa wiki mbili, kwa hiyo anayeijua atafutwe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kitaroni, kwa waliozoea taarabu, ni ndugu wa udi aliyerefuka. Jina la "lute", ukoo wake Ulaya, limetokana na al-ud la Kiarabu. Ina nyuzi za besi zisizobanwa, zilizofungwa kwenye shingo ya pili, na urefu wake unaweza kukaribia mita 2. Pima milango na gari kabla hujaikodi.

Wapo watakaotaka kuingiza udi na kanuni, ala zenyewe za taarabu. Yawezekana. Mwaka 2022 Opera North ya Leeds iliichanganya kazi hii na muziki wa kitaalamu wa Kihindi, muziki mpya ukitungwa na mpiga sitari Jasdeep Singh Degun, na wajuzi wa pande zote mbili wakakaa pamoja. Hawakunyunyizia ala ngeni kama pilipili juu ya muhogo. Nanyi mkifanya hivyo, amueni udi na kanuni ni wa upande gani wa mto, mkawaache huko.

Sasa sauti ya kutunia, ambako pesa hupotea. Hapsikodi za kukodi mara nyingi huja zikiwa A=415, yaani noti ya La ikitetema mara 415 kwa sekunde, desturi iliyowekwa kwa ajili ya muziki wa Baroku wa baadaye. Korneti na tromboni za kale mara nyingi ni A=440 au 466. Ukikodi kila kimoja kwake, utapata orkestra mbili zisizokutana. Ulizeni wapiga korneti kwanza, halafu wengine wote wawafuate. Kwa waimbaji wengi 440 ndiyo salama. 466 inampandisha Orfeo nusu sauti, na baritoni ataanza kukaza shingo.

Mfumo wa kutuni uwe wa mintoni ya robo koma: vipindi vya tatu kubwa (kama Do hadi Mi) safi kabisa, na vya tano (kama Do hadi Sol) vimebanwa kwa kama senti 5 kila kimoja, senti ikiwa sehemu ya mia ya nusu sauti. Humo Mi bemoli na Re diezi si noti moja, na kibonyezo ni kimoja. Tunini hapsikodi kwa Mi bemoli, na ogani, kama mwenye nayo anaruhusu, kwa Re diezi. Halafu pitieni ukurasa kwa ukurasa mkitia alama ni kinanda kipi kinyamaze wapi. Mtego mwingine: hapsikodi yenye kibao cha kuteleza kutoka 415 hadi 440 ikishatuniwa kwa mintoni kisha ikatelezeshwa, tano mbovu inayolia kama fisi inahamia mahali pengine. Telezesha kwanza, tuni baadaye.

Joto nalo lina mambo yake. Bomba za ogani hupanda karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ulimi wa shaba ndani ya regali haupandi hivyo. Ukumbi ukitoka nyuzi 24 mchana hadi 29 watu wakijaa, tofauti ni kama senti 15, na kila sikio litaisikia. Taa za jukwaa ziwashwe saa nzima kabla ya kutuni. Mapumziko ya dakika 20 yahesabiwe kuwa 15 za mafundi na 5 za kunywa maji.

Nani apige wapi

Kontinuo ni kundi la ala zinazoshika besi na kujaza koda juu yake papo kwa papo. Kosa linalorudiwa ni wote kupiga wakati wote. Chora jedwali: safu moja kwa kila ala, mstari mmoja kwa kila anayeimba, kisha ujaze kwanza yale yaliyoandikwa 1609. Mjumbe akiingia na "Ahi caso acerbo", besi inakwenda kwa ogani ya mbao na kitaroni. Mchungaji anayemjibu anabaki na hapsikodi, kitaroni na viola. Kwa muda wa mistari michache harusi na msiba zinaongea kila moja kwa ala zake. Tukio hilo halihitaji taa yoyote ya pekee. Mjumbe anapolitaja jina la Euridice koda ni ya Mi kubwa, na Orfeo anajibu kwa Sol ndogo. Kontinuo wasijaribu kulainisha mruko huo kwa mapambo. Uachwe ugutushe.

Caronte huimba kwa regali, sauti ya kukoroma puani, na kwa wakati wake hiyo tu. "Possente spirto" imechapwa kwa mistari miwili ya sauti, mmoja mtupu na mmoja umejaa mapambo, na agizo linasema Orfeo aimbe mmoja tu kati ya hiyo miwili, kwa ogani ya mbao na kitaroni. Ala za kumjibu hubadilika kila ubeti: fidla mbili, kisha korneti mbili, kisha kinubi. Mstari wa mapambo ndio wa kuimba kama koo lina wepesi huo. Kama halina, uimbwe mtupu ukiwa na mapambo machache ya mwimbaji mwenyewe, kuliko noti zote zikiwa zimekwaruza. Wapigaji wa fidla na korneti wajifunze kujibizana mmoja mbele na mmoja mbali, ili wa pili asikike kama mwangwi.

Tokata ya mwanzo hupigwa mara tatu kabla ya pazia, na ala zote. Bado hatujavuka wala hatujafika popote, kwa hiyo hapo kuchanganya ala ni halali. Mkipata tarumbeta zenye viziba sauti, kumbukeni viziba vinaipandisha tarumbeta sauti moja nzima. Wengine wote lazima wapige Re badala ya Do. Kila mwaka kuna anayelisoma agizo hilo nusu.

Kuimba kama kusema

Sehemu kubwa ya opera hii ni resitativo: besi inakaa, sauti inatembea kwa mwendo wa maneno. Kiongozi wa muziki asipige mkono hapo. Kontinuo wamfuate mwimbaji kama mpiga marimba anavyomfuata mghani. Utaratibu wa mazoezi ni huu: kila mwimbaji asome maneno yake kwa sauti, bila noti, mpaka aweze kuyasema kwa ukali tofauti tatu, kisha ayaseme juu ya besi peke yake, noti ziingie mwisho. Anayeanza na noti huimba mapigo manne yaliyo sawa, na katika dakika kumi ukumbi unasinzia kabla ya Caronte. Ukilisikia hilo, funga kitabu umrudishe kwenye kusema. Kumwongezea mwendo hakusaidii.

Mandhari ya leo, na mahali inapovunjika

Matendo mawili ya kwanza ni harusi, kwa hiyo ukumbi wa harusi wa leo unakaa vizuri: meza, maua, mpiga picha. Weka nguvu zako katika "Vi ricorda, o boschi ombrosi", ambapo mapigo yanacheza kati ya mawili na matatu. Wachezaji wa ngoma za pwani watalishika mara moja. Furaha lazima iwe ya kweli, maana inakatwa kwa panga.

Usimbadilishe mjumbe kuwa ujumbe wa simu. Wengi wamejaribu, na tukio hufa, kwa sababu Messaggiera anasimulia alichokiona: shada la maua, jino la nyoka kwenye mguu, rangi ikimtoka rafiki usoni, jina la Orfeo likitajwa mara ya mwisho. Simu haikushuhudia. Aingie mwenyewe, na asikimbie. Walioko harusini ndio wamsogee.

Mbele ya mlango wa kuzimu Speranza, yaani Tumaini, anausoma mstari wa mshairi Dante unaowataka wanaoingia waache tumaini lote, naye anaachwa nje. Ukitaka kuuandika ukutani kwa rangi, uandike. Ni kati ya nafasi chache ambapo mzaha mdogo wa macho hauharibu.

Caronte kama ofisa wa mpakani nyuma ya kioo ni wazo jepesi lakini linafanya kazi, mradi jambo moja liangaliwe. Yeye haonei huruma. Anasema wazi kwamba wimbo umemfurahisha lakini huruma si sifa ya kazi yake, kisha analala wakati viola, ogani na violone zikipiga polepole sana. Ukimfanya alie au afungue geti kwa kuguswa, umempa Orfeo ushindi ambao hakuupata, na tendo la nne halitakuwa na deni la kulipa. Kuhusu moshi: hukausha koo, na tendo hili lina wimbo mgumu kuliko yote. Ukiutaka lazima, upuliziwe mwishoni mwa mapumziko na mashine izimwe.

Kugeuka

Hapa ndipo maonyesho mengi yanapochechemea, na sababu ni ya hesabu. "Quale onor di te fia degno" ni beti tatu juu ya besi inayotembea bila kusita, karibu dakika mbili. Mtu anayekwenda mwendo wa taratibu wa nusu mita kwa sekunde anamaliza mita 60 kwa muda huo. Jukwaa lako lina mita 8. Matokeo yake Orfeo hutembea kidogo, husimama, hutazama hadhira, na sharti la kutogeuka linakuwa upuuzi kwa kuwa hakuna safari. Kumpitisha katikati ya watu ukumbini kunaleta tatizo jingine: akiwa mita 20 kutoka kwa besi, sauti humfikia imechelewa karibu sehemu 6 za mia za sekunde, naye ataburuta.

Kinachofaa ni njia ya zigizagi iliyotengenezwa kwa majukwaa madogo ya kupanda, isiyotoka nje ya mita 10 kutoka kwa selo, na hatua moja kwa kila noti mbili za besi. Euridice awe nyuma yake mita 2 hadi 3, kila mara mahali hadhira inamwona na mume hamwoni. Skrini ya kumwonyesha Orfeo kiongozi wa muziki iwekwe mbele yake nyuma ya hadhira, mbili au tatu, ili katika kila kona ya zigizagi asilazimike kutupa macho pembeni. Jicho la pembeni likimtoka katika ubeti wa pili, watu watadhani amekwisha kugeuka.

Kisha shaka inamwingia, besi inakoma kutembea, na kitabu kinaagiza kelele nyuma ya pazia. Kelele hiyo iwe kitu halisi kilichoanguka: bati, mnyororo juu ya sakafu ya mbao, kutoka upande ambao Euridice yuko. Spika haifai. Sauti ya spika hutoka juu na mbele, na mtu hageuki nyuma kwa kitu kilicholia mbele yake. Baada ya kelele ipigwe hapsikodi, selo na kitaroni, kama ilivyoandikwa. Akigeuka, zote zinakatika, inabaki ogani ya mbao peke yake. Mpiga ogani aingie pamoja na mwili wa Orfeo, si pamoja na neno lake. Fanyeni hilo peke yake mara ishirini, bila mavazi, kwa sababu likichelewa hata pumzi moja taa haitaliokoa.

Euridice ana mistari michache tu ya kuondokea. Asikimbizwe na asivutwe na watu. Arudi nyuma kwa hatua zilezile alizokuja nazo.

Tendo la tano

Ritorneli ya dibaji, kipande kifupi cha ala kinachorudiwa, inarudi. Iachwe isikike kwenye jukwaa tupu. Agizo la 1609 linataka ogani mbili na kitaroni mbili, jozi moja kona ya kushoto na nyingine kona ya kulia. Mwenye ogani moja aweke upande wa pili hapsikodi iliyofunikwa kitambaa kizito. Hailingani, lakini nafasi ndiyo inayohitajika zaidi kuliko rangi ya sauti. Eco, mwimbaji wa sauti ya tena, asimame nje ya ukumbi, mlango ukiwa wazi kiasi cha kiganja. Kipaza sauti na mashine ya mwangwi vitamharibia, maana Eco harudishi kila kitu. Anachagua mwisho wa neno, na uchaguzi huo lazima usikike kuwa wa mtu.

Muda wa kazi, kwa watu wanaofanya jioni tatu kwa wiki, ni wiki 8: mbili za maneno na besi, mbili za kwaya na ala, tatu za jukwaani, na ya mwisho ndani ya ukumbi wenyewe na taa zikiwaka. Kitaroni ziwepo tangu wiki ya kwanza. Kuzileta wiki ya mwisho kwa sababu ya kodi ni kuwafundisha waimbaji piano kisha kuwanyang'anya.

Moreska inayofunga ni ngoma fupi mno, na hurudiwa. Amueni idadi kabla, tatu au nne, na mwenye taa aihesabu kwa vidole. Waliokufa wanaweza kucheza pia. Euridice aingie katika marudio ya pili kutoka upande wa ala za kuzimu, na tromboni zisipige.